Anwani ya Chiriku

Darasa la nne lilikuwa ghorofa ya kwanza, mwisho wa ujia, mlango wa pili baada ya maktaba. Mwalimu wake alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kitu. Watoto walimwita Mwalimu Hebu kwa sababu hakuwa na sentensi isiyoanza na neno hilo. Hebu tukae. Hebu tusikilizane. Hebu niambieni, nani kaficha kifutio cha mwenzake? Alijua wanavyomwita na hakuona vibaya. Alikuwa amefundisha katika shule ile ya kimataifa miaka kumi na mmoja, na kitu kimoja alikwisha kukizoea: watoto wa pale ni wa kuja na kuondoka. Baba anamaliza mkataba, mama anahamishwa kikazi, na mtoto aliyekaa karibu na dirisha Ijumaa, Jumatatu hayupo. Wenzake wanalia siku mbili, wanachora kadi, wanaandikiana anwani. Kisha anakuja mwingine, anakaa karibu na dirisha.

Ukutani palikuwa na ramani ya dunia. Kila mwaka mpya ulipoanza, kila mtoto alipewa pini moja yenye kichwa cha rangi, achome mahali anapotoka. Hapo ndipo Mwalimu Hebu alipovutana kwa mara ya kwanza na msichana mmoja mdogo mwenye mapengo mawili na sauti kubwa kuliko kifua chake.

"Mwalimu, mimi naomba nne."

"Hebu ngoja. Kila mtu moja."

"Sasa nichome wapi? Nimezaliwa huku." Kidole kikaruka. "Meno nimeota kule. Kusoma nimejifunzia pale. Na bibi yangu yuko hapa."

"Chagua moja. Kwenu ni wapi?"

"Inategemea anayeuliza ni nani, Mwalimu."

Darasa zima liliangua kicheko, na mwalimu mwenyewe akauma mdomo asicheke. Akampa pini nne. Kabla ya saa ya chakula mtoto yule alikuwa ameshapata jina: Chiriku. Maana kuanzia asubuhi mpaka kengele ya mwisho mdomo haukumkauka, na alikuwa na lugha tano za kuutumia.

Baba yake Chiriku alikuwa mhandisi wa mabomba ya maji, mtu wa kupelekwa palipo na kiu. Mama yake alikuwa mkunga, na kila walipohamia alitafuta hospitali, akajifunza lugha ya wanawake wa mahali hapo, akafanya kazi. Mtoto alijifunza pamoja naye, kama wengine wanavyojifunza kupika kwa kusimama karibu na jiko.

Muhula wa pili ulipofika katikati, mkuu wa shule alimleta darasani msichana mwembamba aliyeukumbatia mkoba wake kifuani. Baba yake alikuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara. Kwenye fomu, panapoandikwa jina la mama, palikuwa pameandikwa neno moja: marehemu. Hakujua Kiingereza cha darasani wala lugha nyingine yoyote iliyokuwa mle ndani. Mwalimu alimsalimu, msichana akatazama chini. Alimwonyesha kiti, akabaki amesimama. Watoto wakaanza kunong'ona.

Chiriku akainuka mahali pake, akasema neno moja ambalo hakuna mwingine aliyelielewa. Yule msichana akageuka haraka, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye umati wa watu. Chiriku akaongeza maneno mengine. Msichana akaachia mkoba, akajibu kwa sauti ya kukwaruza, sauti ya mtu ambaye hajaitumia kwa siku nyingi.

"Hebu, umejulia wapi hiyo?" mwalimu aliuliza.

"Si kule nilikoota meno? Mama alikuwa anazalisha huko. Huyu anasema anaomba kwenda chooni, Mwalimu. Alikuwa anaogopa kwamba hajui kuomba."

Hivyo ndivyo Chiriku alivyopata kazi. Wenzake walimwita msichana yule Mgeni, na ingawa wiki zilipita, jina halikumtoka. Alikaa ubavuni mwa Chiriku. Mwalimu alifundisha hesabu za sehemu, Chiriku akazigeuza. Mwalimu alieleza jinsi maji yanavyopanda kuwa mvuke na kurudi kuwa mvua, Chiriku akageuza, na siku hiyo Mgeni alicheka mpaka akafunika uso kwa daftari.

"Hebu, nimesema nini cha kuchekesha?"

"Wewe hujasema kitu, Mwalimu. Mimi ndiye nimeongeza chumvi kidogo."

Mwalimu Hebu alimshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto yule. Shule iliahidi kutafuta mtu mzima wa kumsaidia Mgeni, lakini ahadi ikawa ya leo-kesho, na yeye naye akaacha kuikumbusha. Ya nini, wakati Chiriku yupo? Alimtoa kwenye somo la sanaa akamsaidie Mgeni kusoma. Alimwita saa ya mapumziko amfafanulie kazi ya nyumbani. Ofisi ilipotaka kuongea na baba wa Mgeni kwa simu, Chiriku alikalishwa kwenye kiti cha mkuu wa shule, miguu ikining'inia, akageuza maneno ya watu wazima.

Mwanzoni mwa muhula wa tatu alikwenda mezani kwa mwalimu wakati wengine wanafunga mikoba.

"Mwalimu, leo nimechoka kusema."

"Wewe?" Mwalimu alicheka. "Chiriku achoke kusema? Hebu mmalizie mwenzio ukurasa huu, anakungoja."

Chiriku alirudi, akaumaliza.

Wiki iliyofuata alilala juu ya dawati kwenye imla. Mwalimu alimwamsha, akaandika kwenye daftari la mawasiliano na wazazi: *Analala darasani. Tafadhali hakikisheni anakwenda kitandani mapema.* Siku ya pili daftari likarudi na sahihi ya mama na neno moja: *Sawa.* Lakini Chiriku alilala tena. Akawa anaacha mkate wake. Alipozungumza alivuta pumzi katikati ya sentensi, na Mwalimu Hebu akadhani mtoto ameanza kuringa, kwamba sifa zimemlewesha.

Ikaja siku ya kuogelea. Mwalimu wa michezo alimwita Mwalimu Hebu pembeni ya bwawa, akamwonyesha kwa macho tu. Miguuni pa Chiriku, kuanzia magotini kwenda juu, palikuwa na madoa ya zambarau, mengine makubwa kama kiganja.

"Umeanguka wapi?" Mwalimu Hebu alimuuliza, amechuchumaa.

"Sijaanguka."

"Nani kakupiga?"

"Hakuna, Mwalimu. Yanatoka yenyewe. Niliyaficha kwa sababu mama angenikataza kuogelea."

Mama alipigiwa simu, akafika bado amevaa sare ya kazi. Akainua pindo la taulo, akatazama, akalishusha taratibu. Hakuuliza swali hata moja. Alimbeba mtoto wa miaka kumi mgongoni kama anavyobebwa mtoto mchanga, akatoka naye getini. Siku mbili baadaye shule ilipata habari: ni saratani ya damu, na imeshafika mbali.

Wiki tano Chiriku alilala hospitali. Darasa lilipeleka kadi. Mgeni alichora yake kila siku, na baba yake alizifikisha mapokezi. Mwalimu Hebu alikwenda kumtazama mara mbili. Mara ya pili alimkuta amefungwa kitambaa kichwani, uso umebaki macho tu, lakini mdomo bado ni ule ule.

"Nani anamwambia Mgeni mambo?" aliuliza.

"Tunatumia picha. Namwonyesha kitu, naandika jina lake."

Chiriku akafikiri. "Atachoka huyo. Picha haziongezi chumvi."

Alifariki siku ya Jumamosi, wakati wa likizo fupi. Jumapili mkuu wa shule aliwapigia wazazi wote wa darasa la nne, mmoja mmoja, kila mzazi amwambie mtoto wake nyumbani, kwa maneno yao. Wazazi wa marehemu walisafiri siku ile ile na mwili wa mtoto wao kwenda kuzika kwa bibi yake, na nyumba yao ikafungwa.

Jumatatu darasa lilikuwa kimya kuliko maktaba. Mwalimu Hebu alikuwa amepiga moyo konde, amejiandalia maneno, lakini aliposema, "Hebu tukae karibu," sauti ikakatika, na watoto wakaanza kulia wote kwa pamoja. Aliwakumbatia wawili wawili. Mgeni alikuwa amekaa mahali pake, ameshika kalamu. Aliwatazama wenzake kwa huruma. Akainuka, akampa karatasi ya kujifutia msichana aliyekuwa anapiga kwikwi, akarudi kukaa. Mwalimu alijiambia kwamba kila mtoto analia kwa namna yake. Huyu alikwisha kumzika mama, labda machozi yamemkauka.

Alhamisi Mgeni alikwenda mezani kwa mwalimu. Mkononi alikuwa na bahasha nyeupe iliyofungwa vizuri, imechorwa ua kwenye kona. Aliiweka mezani, akaigonga kwa kidole mahali palipokuwa wazi, akasema kwa Kiingereza neno alilokuwa amelifanyia mazoezi:

"Anwani?"

"Anwani ya nani?" mwalimu aliuliza.

Mgeni akaonyesha kiti kitupu kilichokuwa ubavuni mwa chake. Kisha akanyoosha viganja viwili, akavirusha kama ndege inayopaa, akatabasamu.

Hapo ndipo Mwalimu Hebu alipoelewa. Watoto wa shule ile walilia kila muhula, kila mwenzao alipohama. Mgeni alikuwa ameona kilio, ameona kiti kitupu, na akakielewa kilio kama vilio vingine vyote.

"Anwani," alirudia Mgeni, safari hii taratibu, akidhani amelitamka vibaya.

"Hebu niachie," mwalimu alisema. Akaichukua bahasha, akaitia kwenye droo ya meza yake. Mgeni aliitazama mpaka droo ilipofungwa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda.

Mchana ule ule mwalimu alimwita baba wa Mgeni. Alikuja na vumbi la barabara kwenye viatu, akakaa ofisini kwa mkuu wa shule, kofia ameiweka magotini. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alichosema siku ile kilieleweka chote.

"Nimemwambia rafiki yake amepelekwa mbali kutibiwa. Na kwamba wazazi wameamua kubaki huko."

"Lakini baba, mtoto ameandika barua. Anataka anwani."

"Najua. Bahasha nimemnunulia mimi." Akazungusha kofia. "Mwalimu, mwaka jana nilimkalisha mtoto huyu kitandani nikamwambia mama yake amekufa. Alikaa miezi mitatu bila kusema neno. Miezi mitatu. Alianza kusema tena hapa, kwako, kwa sababu ya yule msichana. Maneno yale nilishayasema mara moja. Kuyasema mara ya pili siwezi. Ngoja shule ifungwe. Nitampeleka kwa mama yake mdogo, huko tutaona."

Mkuu wa shule aliinamisha kichwa. "Mtoto ni wa mzazi wake," alimwambia Mwalimu Hebu baadaye. "Sisi tunafundisha tu. Usimwambie kitu."

Na angemwambia vipi? Hata angetaka, kwa lugha gani? Aliyekuwa akiyabeba maneno yake mpaka kwa mtoto yule ndiye aliyekufa.

Nyumbani mwalimu aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, mwanamke asiyejua kuzunguka maneno. Mwalimu alimsimulia huku anamsaidia kukunja nguo za wateja.

"Kwa hiyo umepokea barua ya maiti ukaitia kwenye droo," dada alisema.

"Dada, jamani."

"Sikutukani, mdogo wangu. Nakuuliza, utapokea ngapi?"

Alipokea nne. Kila Alhamisi Mgeni alileta bahasha yenye ua kwenye kona, na kila Alhamisi mwalimu alisema, "Hebu niachie," akaitia kwenye droo. Wiki ya tatu Mgeni hakutabasamu alipoitoa. Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni, akainua mabega: mbona hakuna jibu? Mwalimu Hebu naye akainua mabega. Uongo aliousema kwa mabega tu ulimkaa kooni kuliko uongo wowote aliowahi kuusema kwa ulimi.

Watoto wengine walijua, na hiyo ilikuwa shida ya pili. Mmoja alijaribu kumweleza Mgeni kwa kujilaza sakafuni na kufumba macho. Mgeni alidhani ni mchezo, akajilaza pembeni yake. Wenzao waliosimama pale walitazamana, kisha mmoja baada ya mwingine wakaondoka. Tangu hapo hawakujua tena wacheze naye vipi, na saa za mapumziko Mgeni alikaa peke yake kwenye ngazi.

Wiki ya nne, Alhamisi, saa ya chakula ikiwa imeanza, mlango wa darasa ulibishwa. Alikuwa mama yake Chiriku. Alikuwa amekonda, nguo zimemlegea mabegani, mkononi ana mfuko mtupu wa kitambaa.

"Karibu, mama," mwalimu alisema, akaenda kumshika mikono yote miwili. "Pole. Pole sana."

"Nimeshapoa, Mwalimu," alijibu, kama wanavyojibu watu ambao hawajapoa. "Tumerudi kufunga nyumba. Baba yake kaomba kuhamishwa. Nimekuja kuchukua vitu vyake."

Vitu vilikuwa tayari ndani ya kisanduku: madaftari, aproni ya rangi, kiatu kimoja cha michezo ambacho mwenzake hakuonekana. Mama alivitia mfukoni kimoja kimoja. Alikuwa ameshika daftari la imla wakati Mgeni alipoingia kuchukua chupa yake ya maji.

Mgeni alisimama. Akamtambua. Chupa ikamponyoka, na kabla haijaacha kubingirika alikuwa ameshamfikia mama, amemkumbatia kiunoni, anaongea mfululizo, maneno yanagongana. Akatazama nyuma ya mama, mlangoni. Akauliza kitu. Akatoka mbio hadi kwenye ujia, akatazama kushoto na kulia, akarudi. Akauliza tena.

Mama wa Chiriku alimgeukia mwalimu. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Ananiuliza mwanangu yuko chini au kabaki kwenye gari."

Mwalimu Hebu alitazama droo ya meza yake.

"Hamkumwambia?"

"Baba yake alikataa. Alimwambia mmehama." Machozi yakaanza kumtoka. "Nisamehe, mama. Sikujua niseme nini, wala niseme kwa lugha gani."

Mgeni alimshika mkono, anamvuta, anamtazama usoni, na tabasamu lake likaanza kuondoka kidogo kidogo, kutoka machoni kwanza. Mama akaweka daftari chini. Akavuta kiti, kile kitupu, kiti cha mtoto, akakaa magoti yamepanda juu. Akamsogeza Mgeni mpaka wakawa uso kwa uso, akamshika mabega.

Alianza kusema. Mwalimu Hebu hakuelewa neno hata moja, na hakuthubutu kutoka. Aliona tu. Sauti ya mama ilikuwa ya chini, haina haraka, anasema sentensi fupi, anangoja, anasema nyingine. Mara moja Mgeni alitikisa kichwa kukataa, akasema kitu kwa ukali. Mama akarudia neno lile lile, bila kulipunguza. Mgeni akaacha kutikisa kichwa. Alisimama wima kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa na kusahau shairi. Kisha akaanguka mbele, na mama akampokea mapajani.

Hakulia kwa sauti. Alitetemeka. Chini, uwanjani, watoto walikuwa wanapiga kelele za mpira, na kengele ikalia, na Mwalimu Hebu akaenda kusimama nje ya mlango ili darasa lisiingie. Aliwapeleka maktaba. Aliporudi, Mgeni alikuwa amekaa, uso umelowa, na alikuwa anasema na mama huku ananyoosha kidole kwenye meza ya mwalimu.

"Anauliza barua zake ziko wapi," mama alisema. "Anasema alikupa ukaahidi."

Mwalimu alifungua droo. Bahasha nne zilikuwa pale, na hata mpangilio haukuwa umebadilika. Mgeni aliinuka akazichukua mwenyewe. Hakumtazama mwalimu, hata kwa hasira. Alizibeba zote nne, akamwekea mama mfukoni, juu ya kile kiatu kimoja.

Baba wa Mgeni aliitwa kuja kumchukua mtoto. Wakati wakimsubiri, wanawake wawili walisimama kwenye ujia, mlango wazi kidogo ili waweze kumwona.

"Mama, umewezaje?" mwalimu aliuliza. "Umewezaje kumwambia?"

Mama alikuwa anatazama mikono yake. "Kwa lugha ile nimewaambia wanawake wengi maneno mabaya, Mwalimu. Mtoto wako hakulia. Mtoto wako hatapumua. Nilijifunza kuyasema sawasawa, kwa sababu ukiyazungusha unamtesa mtu." Akageuza viganja vyake juu. "Kwa lugha yetu mimi na wewe, bado sijalisema neno lile. Nasema ametutoka. Nasema hatunaye. Leo ndiyo mara ya kwanza nimesema mwanangu amekufa, na nimesema kwa lugha ya kazini."

Mwalimu Hebu aliona kwamba asiposema sasa hatasema tena. "Aliniambia amechoka. Alikuja mezani kwangu akasema amechoka kusema, nikamcheka. Nikamrudisha kazini. Halafu nikakuandikia alale mapema."

"Nililisoma daftari."

"Nilidhani anaringa."

"Nami nikamlaza mapema," mama alisema. "Siku nne nilimzimia taa saa moja jioni, analia kwamba hana usingizi, miguu inamuuma. Nikamwambia mwalimu wako kasema. Mimi mkunga, dada. Kazi ya macho yangu ni kutazama damu ya watu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Usiniombe nikuambie kwamba hukukosea. Mimi mwenyewe sina wa kuniambia."

Baba wa Mgeni akapanda ngazi, kofia mkononi, akamwona mama, akajua. Alimsalimu kwa kuinama sana. Mama alimwambia maneno machache kwa lugha ya kwao Mgeni, baba akaitika kila neno, kisha akaingia darasani, akapiga magoti mbele ya mtoto wake.

Wiki moja baadaye mama wa Chiriku alimpigia mwalimu simu kumuaga. Alikuwa amezisoma barua. "Zimejaa wewe," alisema. "Mwalimu anasema haraka. Mwalimu kanichorea ng'ombe, nikadhani ni meza. Rudi uje unitafsirie huyu mtu." Wote wawili walicheka. Kabla hawajaagana mwalimu aliomba kitu kimoja: afundishwe neno la kuomba msamaha kwa lugha ya Mgeni. Mama alimtamkia mara tatu. Mwalimu aliliandika kwenye kiganja kwa herufi alizoziweza.

Mgeni alirudi darasani, lakini hakurudi kwa mwalimu. Alifanya hesabu zake, akazikusanya. Alipoulizwa alijibu kwa kuandika. Alijifunza Kiingereza kingi katika wiki zile za mwisho, zaidi ya alichokuwa amejifunza mwanzo, na alikitumia na wenzake. Waliomwogopa walirudi mmoja mmoja kukaa naye kwenye ngazi. Na kwa maneno yake machache aliwauliza kuhusu Chiriku, mambo aliyoyafanya kabla yeye hajaja. Mwalimu Hebu alipopita, waliendelea kusema, lakini Mgeni alinyamaza mpaka amepita.

Siku ya kufunga shule baba alimleta asubuhi kuchukua ripoti tu. Walikuwa wanaondoka saa ile ile. Mtoto alikuwa anakwenda kuishi na mama yake mdogo, mahali ambapo kila mtu angeelewa anachosema. Mwalimu Hebu aliwasindikiza hadi getini. Mizigo ilikuwa imeshapakiwa. Mgeni alikuwa ameshika mlango wa gari.

"Hebu," mwalimu alisema, na Mgeni akageuka.

Mwalimu alichuchumaa mbele yake, akasema neno lile. Alikuwa amelifanyia mazoezi jikoni mpaka dada yake akachoka kulisikia.

Mgeni aliachia mlango wa gari. Kisha akalisema neno mwenyewe, taratibu, akilivuta katikati, kama mwalimu anavyomsahihisha mwanafunzi. Mwalimu akarudia. Mgeni akatikisa kichwa: hapana. Akalisema tena, akaonyesha kwa kidole namna midomo inavyotakiwa kukutana. Mwalimu akarudia, machozi yanamwingia mdomoni. Bado. Mara ya tatu alilisema polepole sana, silabi kwa silabi, na Mgeni akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa mara moja, akaingia ndani ya gari.

Lilipokwisha kuondoka, mwalimu alibaki amechuchumaa pale getini, hajui kama mtoto amekubali tu kwamba neno limetamkwa sawa, au amemsamehe. Mlinzi akamwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Akainuka, akajifuta magoti, akapanda juu, kwa sababu wazazi wengine walikuwa wanamngojea na ripoti zao zilikuwa bado mezani.